Anayelala zamu ya usiku ndiye mama aliyenipokea Marekani. Nifanyeje?

Dada_wa_Worcester

Wakubwa shikamooni, wenzangu salama?

Naomba ushauri kwa watu waliowahi kufanya kazi kwenye hizi nyumba za watu wazima wenye ulemavu wa akili, hasa waliowahi kuzisimamia. Kama hujawahi kumbadilisha mtu mzima nepi saa 9 usiku, nakuomba usome tu upite.

Niko Massachusetts. Nyumba yangu ina wanaume 5. Mkubwa kashapita miaka 60, alikulia Fernald, taasisi ya zamani ya jimbo ya watu wenye ulemavu wa akili kule Waltham, na mpaka leo anakula ameizungushia mkono sahani yake kama kuna mtu atamnyang'anya. Mdogo kaletwa kwetu alipotimiza miaka 22, umri ambao shule za huku humwachia mtu kama yeye. Huyu mdogo ana kifafa, kinamjia usiku zaidi. Mpango wake unasema mtu wa zamu aingie chumbani kila saa, amwone anavyopumua, aandike kwenye fomu na kutia sahihi.

Nilikuwa mhudumu wa kawaida, zamu ya jioni. Meneja akaacha kazi, wakatafuta, wakakosa, wakanipa mimi. Jana mnacheka pamoja jikoni, leo wewe ndiye unayeamua nani afanye kazi Krismasi.

Zamu ya kukesha anaifanya mama mmoja wa kwetu Kilimanjaro. Ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege. Nililala sebuleni kwake mpaka nikapata chumba, na ndiye aliyenipeleka kwenye usaili wa kazi hii hii. Mchana yuko nyumba ya wazee, saa 2 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Usiku anaingia kwetu saa 5 mpaka saa 1 asubuhi. Mtoto wake wa mwisho yuko chuo Dar, na ada ni yeye.

Leo alfajiri nimekwenda pale mapema kwa sababu ya theluji. Nilitaka njia ya kiti cha magurudumu isafishwe kabla gari la kuwapeleka shughuli zao za mchana halijafika. Ilikuwa saa 10 na nusu. Nimemkuta kwenye kochi, viatu kavua, blanketi mpaka kidevuni. Nikasimama. Hakusikia hata mlango.

Hilo la kulala ningejua la kufanya. Kilichonimaliza ni fomu ya yule kijana. Ilikuwa imejazwa mpaka saa 12. Saa 11: amelala vizuri. Saa 12: amelala vizuri. Na hata saa 11 yenyewe ilikuwa haijafika.

Kijana mzima, nimemwangalia mwenyewe. Mama kaamka, kaniambia, "Mwanangu, nimepitiwa kidogo tu." Nimebaki pale mpaka zamu ikaisha. Sasa niko kwenye gari, sijaandika chochote wala kumpigia mtu. Jumapili tutakaa naye benchi moja kanisani. Nisaidieni.

Mkorofi_Dallas

Mfukuze. Huku Texas angekuwa nje kabla hajavaa kiatu cha pili. Kazi si harambee.

Shosho_Lowell

Wewe wa Dallas, taratibu. Unaongea kama mtu ambaye hajawahi kutumiwa meseji ya ada saa 8 usiku.

Msichana wangu, nimekaa nchi hii kabla wengi wenu hamjapata viza. Sisi akina mama ndio tumezibeba hizi nyumba. Mshahara wa kazi moja unaishia kwa kodi ya nyumba na bima ya gari, basi. Nani hapa hajawahi kusinzia? Huyo mama mwite kando, mwonye kama mzazi anavyoonywa, kwa heshima. Hiyo karatasi irarue, ajaze nyingine. Kijana hakuanguka, Mungu amesaidia. Ukimwandikia vibaya leo, kesho nani atakuzika?

Kaka_wa_Kisauni

Dada wa Worcester, kama bado uko ndani ya gari usiiwashe kwanza, soma hii.

Mimi nimesimamia nyumba hizi huku huku Massachusetts tangu Baker hajamaliza muhula wake wa kwanza wa ugavana. Sasa niko na nyumba tatu upande wa North Shore. Na kabla sijasema la maana, haya mambo ya umri wao na magonjwa yao hapa jamvini punguza. Wana haki ya siri zao hata kama hawatasoma humu.

Haya. Kulala na fomu usivichanganye. Kulala kunaweza kumpata yeyote saa 10 alfajiri, hasa mtu anayetoka kazi kuingia kazi. Lakini kuandika saa 12 wakati saa 11 haijafika hakumpati mtu hivi hivi. Mtu hushika kalamu akaamua. Tena fikiria nani anaisoma fomu ile. Nesi anaisoma, kisha inapelekwa kwa daktari wa kifafa. Daktari ana dakika zake chache, anaona mwezi mzima "amelala vizuri", anasema alhamdulillahi, tupunguze dawa. Kijana anapunguziwa dawa kwa usiku ambao hakuna aliyeuona. Ukitaka kujua kwa nini wakaguzi wana roho ngumu na makaratasi, ni hilo.

Shosho, mvi zako naziheshimu, lakini hilo la kurarua halifai. Kesi ni ya mtu mmoja, unataka iwe ya wawili, na wa pili ni huyu binti tunayemshauri.

Sasa sikiza utakachofanya asubuhi hii, kabla hujalala. Fomu ile usiipige picha kwa simu yako, ile ni siri ya mkazi. Rudi ndani, toa nakala kwa mashine ya ofisi, ya asili irudishe kwenye faili ilivyo. Kisha andika ulichokiona. Ulifika saa ngapi, alikuwa wapi, amevaa nini, fomu ilikuwa imejazwa mpaka wapi, alisema nini kwa maneno yake. Usiandike kuwa ni mvivu wala kuwa ni mama mzuri mwenye shida. Yote mawili hayakuulizwa.

Baada ya hapo piga simu DPPC, ile tume ya jimbo ya kuwalinda watu wenye ulemavu. Laini yao iko wazi saa 24. Najua unajiuliza, kwani kuna aliyeumia? Hakuna. Lakini kupima kama hili ni lao au wanalipeleka kwa wachunguzi wa DDS, idara ya jimbo inayosimamia nyumba hizi, si kazi yako, ni yao. Sheria ya jimbo inakutaja wewe binafsi kuwa ni mtu anayelazimika kuripoti. Kumwambia bosi hakukuondolei wajibu huo. Kwa mdomo ni mara moja, kwa maandishi ni ndani ya saa 48. Kisha ndio umpigie mkurugenzi wako, na sentensi ya kwanza kabisa iwe kwamba huyu mama ni kama mzazi wako na uliwahi kuishi kwake. Litangulize hilo. Mkurugenzi mwenye akili ataikabidhi kesi kwa meneja wa nyumba nyingine, nawe utapumua. Ukilificha, siku litakapojulikana (na litajulikana, kanisa lenu lina WhatsApp), hata ukweli uliouandika utaonekana umepindishwa.

Na mama mwenyewe usimhoji. Hapa ndipo mameneja wapya wengi huharibu, wanamwita mtu kando wanamuuliza kwa nini, tangu lini, mara ngapi, wakidhani wanamsaidia. Unamharibia mchunguzi kazi, na unampa mama nafasi ya kukudanganya wewe, jambo ambalo hamtasameheana. Mpe shikamoo yake. Mwambie kwa mdomo wako, asisikie kwa mwingine: nimeripoti nilichokiona, sitaweza kulizungumza mpaka liishe, na zamu ya leo usiku usije mpaka ofisi ikupigie. Kisha nyamaza. Atalia au atakutukana. Usijibu.

Kuna jambo ataliogopa, nawe ulijue. Tangu 2021 jimbo lina orodha ya walezi waliothibitika kuwadhuru watu wenye ulemavu, kwa ile sheria inayoitwa Nicky's Law. Aliye humo haajiriwi kwenye nyumba zenye leseni ya DDS. Watu wetu huitaja kama jehanamu. Lakini mtu haingizwi kwa sababu meneja kaandika kwamba alisinzia. Kuna uchunguzi, lazima unyanyasaji wa kiwango cha sheria hiyo uthibitike, na kuna rufaa. Anaweza kupoteza kazi hii kwa ajili ya fomu, hilo siwezi kukuficha. Orodha ni jambo jingine.

Mnaosema jimbo hili lina sheria nyingi kuliko watu, muulizeni huyo mzee anayekinga sahani. Fernald ndiko wavulana walikolishwa uji wenye chembe za mionzi miaka ya 1940 na 1950 ili wanasayansi wapime mwili unavyofyonza madini ya chakula, na hawakuambiwa. Belchertown, taasisi nyingine kama hiyo magharibi kidogo ya kwenu Worcester, hali ilikuwa mbaya mpaka mzazi mmoja, Benjamin Ricci, akaishtaki serikali 1972. Jaji Joseph Tauro akaenda kujionea kwa macho yake, na kesi zile akazishikilia hadi 1993. Nyumba ndogo ndogo za watu 4 au 5 mnazofanyia kazi zimetokana na kesi kama hizo. Mhudumu mpya nikimpokea, kabla sijamwonyesha zilipo funguo za dawa namweleza hayo. Ukimwambia tu "mzee anakula haraka, mchunge asipaliwe," atamwona mlafi. Akijua bweni alikokulia, hatamfokea mezani.

Sasa nije kwenye lililo lako kama meneja, maana kesi ya mama itakuwa mikononi mwa wengine. Zamu ya usiku ni yatima. Mkurugenzi haijui, nesi haijui, mikutano yote inafanywa saa 4 asubuhi wakati mtu wa usiku amelala kwake. Mimi hupita nyumba zangu usiku, siku zisizopangika, na sipiti mikono mitupu. Napeleka chai ya maziwa na mahamri. Nakaa nusu saa, nauliza nani hakulala, nani alikojoa kitandani, nani kaanza kutembea usiku. Wa kwanza kuniambia kwamba mkazi wetu mmoja mwenye Down syndrome ameanza kupotea kwenye korido ni mtu wa usiku. Ilikuwa ndio mwanzo wa maradhi ya kusahau, ambayo kwa wao huja mapema sana, hata miaka ya 40 na 50. Mtu anayejua utakuja kumsikiliza hukesha kwa namna nyingine kabisa.

Kochi liondoe. Weka kiti cha mgongo wima na taa. Kufua, kukunja, kuandaa vifaa vya asubuhi, yote hayo peleka usiku, si kwa kumwadhibu mtu bali kwa sababu saa 9 usiku bila kazi hakuna anayeshinda. Fanya zoezi la moto usiku, wakazi wakiwa vitandani. DDS wanataka nyumba itoke ndani ya dakika mbili na nusu. Mtu mmoja, wanaume watano, mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Akishalifanya mara moja hutahitaji kumhutubia kuhusu kukesha.

Na ratiba. Nakuambia hili ukalipiganie kwa wakubwa wako. Sheria inataka ukipita saa 40 kwa wiki ulipwe moja na nusu. Kampuni nyingi zinaikimbia hiyo nusu, kwa hiyo zinamkatalia mtu ovataimu. Naye shida zake hazijakatazwa, anakwenda kuzitafuta saa nyingine 40 kwa kampuni ya pili kwa malipo ya kawaida. Kwenye ratiba yako anaonekana ana saa 40 safi, kumbe anaishi saa 80. Mimi siku ya usaili nauliza waziwazi una kazi gani nyingine na unatoka saa ngapi. Siulizi ili nimnyime, nauliza ili nisimpe usiku mtu anayetoka mchana. Huyo mama mwenye kazi ya mchana, nani alimpa zamu ya kukesha siku tano mfululizo? Si wewe, najua, uliikuta. Lakini kuanzia leo ratiba ni yako.

Shosho_Lowell

Kisauni, hilo la daktari kupunguza dawa sikulifikiria. La kurarua naliondoa. La nani atakuzika nabaki nalo.

Dada_wa_Worcester

Nimerudi. Asanteni, hata wa Dallas.

Nilifanya kama Kisauni alivyosema, kwa mpangilio ule ule. Mkurugenzi nilipomwambia kuhusu sebule ya mama alinyamaza, akasema vizuri umesema. Kesi iko kwa meneja wa nyumba ya Shrewsbury. Mama amesimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Hakunitukana. Alisema, "Sawa bosi." Hajawahi kuniita bosi, hata kwa utani.

Kanisani mambo ni kama mnavyoyajua. Kuna mtu kahubiri kwenye kikundi cha WhatsApp kuhusu watu wanaokanyaga ngazi waliyopandia. Sikujibu.

Ila sasa limezuka jingine. Wafanyakazi wengine wawili wa jioni wamekuwa wakimya nikiingia. Nao wana yao. Mmoja anavaa visikilizio masikioni anapomwogesha mtu, anaongea na mume wake Arusha dakika arobaini. Na wote wawili hupiga soga Kiswahili juu ya vichwa vya wakazi wakati wa chakula, wakazi wanageuza shingo huku na huku kama wanaangalia tenisi. Nataka nianze na hilo, lakini naogopa nionekane nimelewa cheo. Nianzie wapi?

Nesi_wa_Bukavu

Yambo ndugu zangu. Mimi ni nesi, ninazungukia nyumba kadhaa, nilianza kama mhudumu, kama ninyi.

Dada, usianze na Kiswahili wala simu. Anza na choo.

Mtacheka, lakini watu wetu hawa hawafi kwa mambo makubwa mnayoyaogopa. Wanakufa kwa kupaliwa, kwa kukosa maji mwilini, kwa kifafa, na kwa kufunga choo. Ndiyo, choo. Anayetumia clozapine, dawa ya ugonjwa wa akili, utumbo wake unalala, na hawezi kukuambia tumbo linauma, atapiga kichwa ukutani au atakataa chakula. Mhudumu anaona ni tabia, anaandika "amekuwa mkorofi leo." Kumbe ni siku ya nne. Nimefungua fomu za choo zimeandikwa "kawaida, kawaida, kawaida" na mtu mwenyewe yuko hospitali utumbo umeziba. Kwetu ni aibu mtu mzima kuandika habari za choo cha mtu mzima mwenzake, wengine wanajaza bila kuangalia ili yaishe. Ni jambo lile lile la mama yako na saa 12.

Kwa hiyo keti nao, na fomu mezani, waeleze kila alama inakwenda wapi na nani anaitumia kuamua nini. Wape mfano wa daktari ule aliotoa Kisauni. Mtu akishajua kwamba jibu lake linatumika, simu inaanza yenyewe kuwa nzito sikioni. Baada ya hapo ndipo useme: bafuni hakuna visikilizio, kwa sababu huwezi kumsikia mtu anayekabwa na maji. Hakuna wa kukubishia.

Lugha ni jambo la mezani. Usiwakataze Kiswahili kwa jumla, utagombana na watu bure, na kuna wakazi wanakipenda. Nina mmoja anasema "pole pole" vizuri kuliko watoto wangu waliozaliwa hapa. Waambie tu soga iwajumuishe wenye nyumba. Ile nyumba ni ya wanaume watano, sisi ndio wageni.

Jambo lingine, maana tuko wenyewe. Kuna dada mmoja wa kwetu, mkazi alipoanguka kifafa alimwekea mikono akaanza kukemea pepo kwa sauti. Wenzake wakaniita nimfukuze. Sikumfukuza. Nilimwambia, omba mama, lakini saa iwe mkononi. Mlaze ubavu, ondoa kiti kilicho karibu na kichwa, usitie kijiko wala kidole mdomoni, hesabu. Dakika 5 zikifika bila kuacha, piga 911, isipokuwa mpango wake unasema mapema zaidi. Sasa ndiye anayeniandikia ripoti nzuri kuliko wote: kilianza mkono gani, macho yalielekea wapi, kilichukua dakika ngapi. Nadhani bado anakemea, ila kwa sauti ya chini.

Mkorofi_Dallas

Nesi umenichekesha hapo mwisho. Lakini nakubali la choo. Tulimpoteza mzee mmoja hivyo.

Mama_wa_Kijana_Minnesota

Samahanini wanangu, mimi si mfanyakazi wa nyumba hizo. Mwanangu anaishi kwenye moja. Ana miaka 24, hasemi, na ana kifafa kama huyo wenu. Nilikuwa natafuta habari nyingine nikaangukia hapa, nimesoma yote.

Nilikaa naye nyumbani mpaka nikachoka. Sikuwa nalala usiku. Nilipompeleka, wenzangu hapa Brooklyn Park walisema nimemtupa mtoto kwa Wazungu. Basi siku ya kwanza nafika, mlango unafunguliwa na kijana wa Eldoret. Nikalia pale pale mlangoni.

Nawapenda wafanyakazi wake. Huwa nawapelekea chapati, na yake naichovya kwenye mchuzi mpaka ilainike, kwa sababu chakula chake ni cha kusagwa. Wanaondoka sana lakini. Nikishalizoea jina, jina limeondoka. Nilisoma mahali kwamba nchi hii karibu wahudumu 4 kati ya 10 huacha kazi ndani ya mwaka. Kwa mwanangu kila mmoja ni mtu mpya asiyejua kwamba akijifunika shuka usoni ndio kinakaribia kuanza.

Sasa dada wa Worcester nakuuliza kwa upole. Nimesoma habari za mama, kanisa, mkurugenzi, tume na ratiba. Sikuona mahali popote palipoandikwa kwamba kuna mtu amempigia simu mzazi wa kijana. Au ana ndugu? Nani mlezi wake kisheria? Mimi ningetaka kuambiwa siku ile ile, na meneja mwenyewe, si kwa barua ya kampuni baada ya mwezi. Nisingepiga kelele. Labda kidogo.

Kaka_wa_Kisauni

Mama, shikamoo. Umetukamata wote. Niliandika maneno mengi vile na hilo sikuligusa.

Dada, ongea na mkurugenzi leo. Mlezi wa kisheria lazima aambiwe, na mkubaliane nani anapiga na nini kinaweza kusemwa wakati uchunguzi unaendelea. Lakini usikubali iwe barua.

Dada_wa_Worcester

Mama, shikamoo.

Mlezi wake ni dada yake, anaishi New Hampshire. Nilipomuuliza mkurugenzi akasema ofisi ilikuwa "inaandaa taarifa." Nikaomba tupige wote wawili kwa spika, akakubali.

Dada mtu hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, ni usiku mara ngapi. Mkurugenzi akajibu kwamba ndicho kinachochunguzwa. Akasema hapana, mimi nauliza kabla ya huyo mama, kabla ya huyu meneja, kwa jumla, mnajuaje kwamba mtu wa usiku yuko macho? Tukanyamaza. Kwenye nyumba nzima jibu lilikuwa ni fomu ile ile.

Basi tumekubaliana naye mambo. Nesi wetu ataomba daktari asibadilishe dawa kwa kutegemea fomu za miezi hii. Kijana atawekewa kifaa cha kitandani kinachopiga kelele akianza kutikisika, kamati ya haki za binadamu ikikiridhia kwanza, kwa sababu huku hata hicho kinahesabiwa kuingilia faragha yake. Na dada yake anataka ruhusa ya kuja usiku bila kupiga simu. Mkurugenzi alianza kusema kuhusu utaratibu wa wageni, nikamkatiza, nikasema ni kwake, aje.

Kochi limeondoka jana. Yule mzee wa Fernald amelilalamikia kuliko mtu yeyote, kumbe ndipo alipokuwa anakunywa kahawa yake ya alfajiri. Imebidi nimnunulie kiti chake peke yake, chenye mikono.

Zamu ya kukesha nimeigawa kwa muda. Usiku mbili nazifanya mwenyewe, zilizobaki ni watu wa kuitwa. Natafuta mtu wa kudumu, mwenye cheti cha MAP cha kutoa dawa, maana dawa za saa 12 asubuhi ni zake. Mama bado yuko nyumbani, jibu halijatoka. Jumapili nilimpelekea mchele na mafuta. Alipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani, lakini alipokea.

Mkorofi_Dallas

Nauliza tu. Hiyo zamu ya usiku inalipa ngapi kwa saa? Nina shemeji yuko Boston, mchapakazi sana.

Dada_wa_Worcester

Kwanza niambie shemeji yako ana kazi ngapi sasa hivi, na anatoka saa ngapi.